Fungu la Mutu wa Mbele

Ninyi vijana munaoshika sasa funguo za biblioteki yetu ya Kasongo, mulinitumia ujumbe kwa simu: "Mama, tuambie vitabu gani ni vizuri kushinda vyote katika uwindaji na safari za pori, tuviweke mbele wasomaji wavione." Wee! Munafikiri vitabu ni kuku, mutu anashika miguu na kupima uzito? Nimekaa kati ya vile vitabu maisha yangu yote ya kazi, sasa nimestaafu, miguu inavimba, na bado sijui niseme nini juu yake. Nitawaambia ninachokumbuka. Kama mukimaliza kusoma kichwa kinazunguka, musinilaumu, changu kinazunguka tangu zamani.

Vilikaa kwenye etajeri, ile rafu ya karibu na dirisha, munaijua. Wazungu waliokuwa hapa zamani walipoondoka waliacha vitabu, na wengi wao, sijui juu ya nini, walipenda kusoma habari za watu wanaopiga wanyama. Vyote kwa Kifaransa, vingine vimeliwa pembe na panya. Majina yaliyoandikwa juu sikuyatumia kamwe. Nilivipa majina yangu.

Kulikuwa na kile cha Kapiteni wa Homa. Alikuja kuwinda tembo, lakini shapitri baada ya shapitri, sura kwa sura, analala kitandani anatetemeka na kumutukana mupishi wake. Mwisho anaona mugongo wa tembo mumoja, kwa mbali, anarudi kwao. Nilikipenda sana. Kulikuwa na kile cha Mama wa Mwavuli, anayepanda mutoni na masanduku yake na kuwafokea mamba kana kwamba ni watoto wa masomo. Kulikuwa na kile cha Ndugu Wawili, waliogombana juu ya chumvi wakatembea masika yote bila kusemeshana, mumoja mbele, mumoja nyuma. Na kulikuwa na kile cha kijani, cha muzungu mwenye masharubu na mbogo. Kile cha kijani ndicho nilichokipenda kuliko vyote, na ndicho kilichoniharibu kichwa.

Musiniulize mutu kama mimi alitafuta nini humo. Mimi sijaua hata kanga. Mbuzi mwenye pembe akinitazama vibaya, napita njia nyingine. Lakini nikifungua vile vitabu nilisikia umande miguuni, nikasikia matawi yanavunjika, moyo unapiga ngoma. Nimetembea pori lote la dunia nikikaa kwenye kiti kimoja kinachoyumba.

Aliyenifundisha kazi ni Baba Lukinda, Mungu amulaze pema. Alikuwa mutu mufupi, mukali, nywele zinatoka masikioni, na alinusa kitabu kabla ya kukifungua vile mama ananusa samaki sokoni. Kitabu kinachooza, aliniambia, kinanuka uyoga. Chenye mchwa kinanuka udongo mubichi. Kilichoazimwa na mulevi wa lutuku, ile pombe kali, eh, hicho hata mwenye mafua anakijua. Alinionyesha kuweka miguu ya etajeri ndani ya mikebe ya mafuta machafu ya mashine, ili mchwa wakipanda wazame. Alinionyesha kuanika vitabu wakati wa kiangazi, asubuhi tu, kamwe si saa sita, maana jua kali linapinda jalada na halirudi tena. Na kufunika kwa karatasi ya mufuko wa simenti, lakini ile ya katikati, isiyogusa simenti yenyewe. Ninyi mumeleta plastiki. Bon, plastiki inang'aa, sikatai. Lakini inafunga unyevu ndani, na kitabu kinaoza huku kinapendeza.

Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo. Shida ni kwamba gundi ya muhogo ni bugali tu, na mende wanajua. Kikulacho kiko nguoni mwako. Baba Lukinda akasema, "Tia pilipili." Nikauliza kiasi gani. Akasema, "Kidogo." Kumbe kidogo yake na kidogo yangu si ndugu. Nilitwanga pilipili ya kutosha harusi, nikapaka vitabu vyote vya uwindaji, na gundi ikatoka mpaka pembeni ya kurasa. Baada ya hapo akaja katekista mumoja, wale watu wa kulamba kidole kila wanapofungua ukurasa. Akachukua kile cha Kapiteni wa Homa. Nilimuona macho mekundu, pua inatiririka, anapumua kwa mudomo. Watu wakanong'ona, tazama vile kitabu kimemuingia! Alipoondoka alinishika mukono: "Mama, kile kitabu kina nguvu." Nilimujibu kwamba ni kweli.

Jumamosi mchana tulisomea watu kwa sauti pale barazani. Macho yanasoma Kifaransa, mudomo unatoa Kiswahili. Si kazi rahisi, jaribuni mutaona. Mwandishi anaweka kitendo mwisho wa sentensi ndefu, na wewe umekwisha kufungua mudomo, watu wanangoja kujua kama chui ameruka au amelala. Baba Lukinda alinipa sheria moja: "Soma kilichoandikwa. Aliyeandika hayupo hapa kujitetea." Kama mwandishi ni mujinga, soma ujinga wake. Kama anachosha, wachoke. Niliishika sheria hiyo vile watu wengine wanashika rozari.

Baba Lukinda alipokufa nilianza kupeleka vitabu nje ya Kasongo. Kila kiangazi nilifunga sanduku ya bati nyuma ya pikipiki, nikapanda kati yake na dereva, tukaenda mpaka Wamaza kule Kabambare. Ninafika mugongo umekatika, lakini watu wananingoja kwenye kiwanja cha masomo. Mwalimu Sumaili, anayefundisha Kifaransa pale, ananipa kiti chake mwenyewe. Na kule Wamaza nilikutana na Kalonda.

Kalonda ana kifua kipana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya muto. Kazi yake katika jamaa zile za wawindaji ni kugawanya nyama. Kwao nyama ya pori haikatwi ovyo. Inawekwa juu ya majani ya ndizi, Kalonda anasimama, anaita kila fungu na jina la mwenyewe, na yule aliyeitwa anajibu mbele ya watu wote. Paja ni la mwenye bunduki. Kifua ni cha wenye mbwa. Shingo ni ya mutu wa mbele, yaani yule anayetangulia kusoma nyayo, juu yeye ndiye anatanguliza shingo yake. Fungu bila jina halitoki. Hata mutu akiwa amesafiri, jina lake linaitwa na jamaa yake anajibu.

Basi mutu huyu alinitesa. Kila mara nikimaliza hadithi ya uwindaji, watu wanashusha pumzi, wengine wanapiga makofi, Kalonda anainua mukono.

"Na nyama?"

"Hakuandika, Kalonda."

"Vipi hakuandika? Tembo muzima! Nani alikula?"

"Aliandika urefu wa pembe."

"Pembe zinaliwa?"

Watu wanaanguka kwa kucheka, na utamu wote wa hadithi umekwisha. Nilikasirika mpaka nikapitia etajeri nzima kutafuta mwandishi mumoja tu aliyesema nyama ilikwenda wapi. Nilipata Kapiteni wa Homa peke yake, anayelalamika kwamba mupishi aliiba maini ya swala. Nilipomusomea, Kalonda alifurahi sana. Alisema yule mupishi ndiye mutu wa kwanza mwenye akili katika vitabu vyangu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Siku moja pale Wamaza nilikuwa nasoma kile cha kijani. Muzungu mwenye masharubu anafuata mbogo anayeharibu mashamba. Anamupiga risasi karibu na muto, lakini vibaya, na mbogo anaingia kwenye majani marefu na damu yake. Mbele ya muzungu anakwenda mutu anayesoma nyayo, na mwandishi anamuita hivyo tu, "mutu wangu wa nyayo." Majani yanapita kichwa. Upepo umegeuka. Nilikuwa nimeshusha sauti, watu wameinama mbele, hata Kalonda ameacha kutafuna. Ndipo mwanamuke mumoja akatua beseni lake la karanga chini, kwa nguvu, akapita katikati ya watu mpaka mbele yangu.

"Yaya, nyamaza!"

Alikuwa Feza, muke wa Amisi. Nilimujua, alikuwa ananiuzia karanga kila mwaka na kuniita yaya, dada mukubwa.

"Usitaje ile nyama tena. Mume yangu iko nyuma yake."

Ndipo nikaelezwa. Mbogo mumoja alikuwa anakanyaga mashamba ya karanga, na wanaume wawili walimufuata, Salumu mwenye bunduki, na Amisi mutu wa mbele. Wangekuwa wamerudi zamani. Watu waliokuwa wanakata miti walisikia bunduki ikilia, kisha kimya. Na asubuhi ile mbwa wao walirudi peke yao, kengele za muti shingoni, wakalala chini ya ghala bila kula. Kwao, mume akiwa pori, muke hagombani na mutu, hatoi moto jikoni kumupa jirani, na hataji jina la munyama anayefuatwa. Anasema "yule mwenye kichwa kizito." Feza alikuwa amechunga mudomo wake siku zote zile, halafu mimi nakaa kiwanjani napiga kelele mbogo, mbogo, mbogo, Wamaza nzima inasikia.

Nikafunga kitabu. Ah, hapo ndipo fujo ilianza.

"Usifunge!" Kalonda alisimama. "Umemujeruhi halafu unamuacha majanini?"

Munajua sheria ya wawindaji, nayo iko vilevile katika vitabu vya wazungu na kule Wamaza: nyama uliyoijeruhi, uimalize. Ukiiacha itaua mutu mwingine. Nusu ya watu wakasema nifunge, jina limetajwa mno. Nusu wakasema nikifunga pale, yule mwenye kichwa kizito atabaki na hasira yake hai, na Amisi iko kwenye majani yaleyale. Mubibi mumoja akasema kitabu kichomwe. Mwalimu Sumaili akasema tafadhali, tafadhali, na hakuna aliyemusikia. Mimi nilikuwa nimeacha kidole changu kati ya kurasa, na haki ya Mungu, niliogopa kukitoa na niliogopa kukiacha. Mimi mukristo, niliyesoma, mutunza vitabu!

Feza mwenyewe akakata shauri. "Maliza, yaya. Lakini usitaje jina." Kisha akauliza, polepole, "Nani iko mbele?"

"Mutu wa nyayo."

"Jina lake?"

"Hakuandika."

"Bon. Yule mutu anarudi?"

Jibu nilikuwa nalijua. Ukurasa unaofuata, mistari miwili: mutu wangu wa nyayo alikufa palepale. Kisha muzungu anapiga risasi, mbogo anaanguka, na inakuja habari ya pembe, kurasa nzima, vile zilivyopindana, zilivyopimwa, zilivyopakwa mafuta. Nilikuwa nimekisoma kitabu kile tangu niko musichana. Na kila mara moyo wangu ulipiga kwa ajili ya mwenye masharubu, bunduki italia ama haitalia, atateleza ama hatateleza. Yule mwingine nilimupita vile unapita jiwe la barabarani. Feza alipouliza habari zake, nilishangaa kwamba yumo.

Soma kilichoandikwa. Nilifungua mudomo, na Kiswahili kikakataa kutoka. Nilisoma mistari miwili kwa Kifaransa, kavu, vile ilivyo.

Watu hawakuelewa. Vichwa vyote vikageuka kwa Mwalimu Sumaili, juu yeye ndiye mwenye Kifaransa pale.

"Anarudi," alisema upesi. "Ameumia muguu. Lakini anarudi."

Feza akakaa chini kwenye vumbi. "Aksanti, Mungu. Aksanti." Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama kitabu.

Wanaume walikwenda kutafuta, na sisi tuliobaki tulingoja. Feza alikuja kila mchana na beseni lake, akakaa mbele kabisa, na alitaka niendelee. Basi nikaendelea, na mutu aliyekufa nikamubeba ndani ya kitabu ambacho mwandishi wake hakujua kwamba bado yumo! Kambi ikihama, Kalonda anauliza, "Na mwenye muguu anatembea vipi?" Nikasema kwa kipoyi, kitanda cha kubebwa mabegani. "Nani anabeba kipoyi?" Nikatafuta wapagazi. Muzungu akila, nilimupa na yeye chakula. Kuna siku muzungu alivuka muto, mimi nimefurahia maji na viboko, nikamusahau ng'ambo. Feza akainua mukono: "Na yeye?" Mwalimu akasema haraka alipita na mutumbwi mwingine. Watu wakacheka, Feza naye akacheka kidogo, kisha akafunika mudomo kwa kitenge, juu hakutaka kuonekana anacheka mume hajarudi.

Niliumia, watoto wangu. Kila usiku nilijihukumu na kila asubuhi nilijisamehe. Nilivunja sheria ya Baba Lukinda, ama sikuivunja? Uongo haukuwa wangu, ulikuwa wa mwalimu. Mimi nilikuwa naulisha tu. Na nilikuwa nimeanza kumupenda yule mutu wa nyayo. Nilitaka apone.

Wakarudi mchana, tukiwa pale kiwanjani. Tulisikia kelele njiani, kisha tukaona vikapu vya nyama iliyokaushwa kwa moshi, na nyuma ya vikapu wanaume wanne na kipoyi. Amisi alikuwa juu yake. Uso kama jivu, muguu umefungwa vijiti, lakini macho yalikuwa wazi. Feza alikimbia mpaka kipoyi, na munafikiri alilia? Alipiga miti ya kipoyi kwa ngumi na kumutukana mume wake matusi ambayo siwezi kuwaandikia, na Amisi alikuwa anasema tu, "Ndiyo. Ndiyo, mama. Ndiyo."

Salumu alitueleza. Yule mwenye kichwa kizito alizunguka na kungoja kando ya nyayo zake mwenyewe. Amisi alikuwa mbele, akapigwa kwanza. Salumu alipiga risasi karibu sana, na baada ya hapo hakuweza kumubeba mwenzake wala kumuacha. Alikaa naye pale, anachota maji, anakausha nyama, anapiga kelele ambazo hakuna aliyesikia.

Infirmye, muuguzi wa pale, alipomaliza kumufunga Amisi vizuri, Feza alitoka nyumbani akaja moja kwa moja kwa Mwalimu Sumaili.

"Mwalimu, juu ya nini ulisema muguu? Ungesema kidole!"

Watu walicheka mpaka machozi. Feza hakucheka. Alikuwa anamutaka jibu, na mwalimu, mutu wa diploma, aliinamisha kichwa akasema, "Unisamehe, mama." Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania. Sijui kama mimi ninaamini ama siamini. Muguu wa Amisi haukunyooka tena, anatembea na fimbo. Kuna siku ninasema ni bahati tu, mbogo anavunja miguu ya watu. Kuna siku ninasema, mwalimu, ungesema kidole.

Kesho yake nyama iligawanywa. Nilisimama na wengine. Kalonda alivaa shati safi, hakufanya mchezo hata kidogo.

"Paja! Mwenye bunduki! Salumu!"

"Niko!"

"Shingo! Mutu wa mbele! Amisi!"

Feza alikuwa amekwisha kunyoosha mikono miwili ili ajibu kwa ajili yake. Lakini kabla hajafungua mudomo, sauti ilitoka ndani ya nyumba, nyembamba, ya mutu anayeumia akivuta pumzi:

"Niko!"

Watu walipiga vigelegele. Mimi machozi yalinishuka, na sikujua ni ya furaha ama ya nini.

Nikiwa nafunga sanduku yangu ya vitabu, Kalonda alikuja akachuchumaa karibu nami.

"Mama Biblioteki. Yule wa mukitabu alikufa, hapana?"

"Ulijuaje?"

"Mwalimu alijibu mbio sana." Hakukasirika. "Alipewa fungu lake?"

"Hakuandika."

"Muke yake alipewa?"

"Hakuandika hata kama alikuwa na muke."

Alitikisa kichwa, akaenda, akarudi na kitu ndani ya jani la ndizi. Kipande cha shingo, kizuri, hakuninyima. "Hii ni yake."

"Kalonda! Ni kitabu! Yule mutu, kama alikuwa mutu kweli, alikufa zamani za babu zetu. Nimupelekee nani? Na wewe mwenyewe unasema fungu bila jina halitoki."

"Njo maana nimekuletea kimya," alisema. "Mimi ninagawanya. Kupeleka ni kazi ya mutu anayemujua. Hapa ni wewe tu."

Akaondoka zake. Nilifanya nini? Mimi niliyewafukuza watu biblioteki juu ya karanga mufukoni, nilisafiri mpaka Kasongo na nyama ya mbogo ndani ya sanduku ya vitabu. Alama ya mafuta mutaiona kwenye jalada la kile cha kijani. Musijaribu kuitoa.

Nyumbani niliitundika juu ya moto nikakisoma kitabu upya, toka mwanzo, nikimutafuta. Yumo. Anabeba bunduki ya pili. Anapima muto kwa fimbo kabla wengine hawajavuka. Anawasha moto mvua ikinyesha. Mahali pamoja anacheka, na mwandishi hasemi alicheka nini. Jina hakuna, kijiji hakuna. Nilikasirika nikakitupa kitabu ukutani, mimi! Kisha nikakiokota, nikapangusa vumbi, nikaendelea, juu nilitaka kujua mbogo atatokea upande gani, na nilikuwa najua. Moyo ulipiga palepale ulipopiga siku zote, kwa ajili ya mwenye masharubu. Munieleze ninyi mulio na masomo, hiyo ni nini? Ninakipenda kile kitabu. Ninakichukia. Mukikiweka mbele nitakasirika, mukikificha nitakuja mwenyewe na miguu hii kukitoa. Na mukikisomea watu kwa sauti mukafika kwenye ile mistari miwili, sijui niwaambie nini. Baba Lukinda angejua. Ama hakujua naye, alikuwa mukali tu.

Lakini nyama haingoji mutu amalize kuchanganyikiwa. Nilitafuta njia ya kumupelekea mwenyewe na sikuipata. Basi niliiloweka, nikaipika na mafuta ya mawese, nikapika wali wa mupunga wetu wa Kasongo, nikaita majirani. Walikuja na kukaa kwenye mikeka. Hakuna harusi, hakuna sikukuu, na mimi nimejifunga kitenge kiunoni vile watu wa kilio wanajifunga, hata sikumbuki nilijifunga saa ngapi. Mama Zaina, jirani yangu wa mulango kwa mulango, alitazama sufuria, akanitazama mimi. Maji ya kunawa yalikuwa yameletwa, lakini hakuna aliyenyoosha mukono.

"Yaya," aliuliza kwa sauti ya chini, "tunakula matanga ya nani?"

Nilitafuta jina. Nilitafuta kweli, kana kwamba niliwahi kulijua nikalisahau.

"Ni ya mutu mumoja," nilisema. "Alikufa pori. Alikuwa mbele."

"Ndugu yako?"

"Ndiyo," nilisema.

"Pole, yaya. Pole sana."

Wakanipa pole wote, mumoja mumoja, kisha wakanawa mikono.